Orodha Mpya 4

Ijumaa, 28 Februari

Vunja jungu. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu, na tena pilau. Tumekula mpaka aibu, mimi na Naila, binti wa mdogo wangu, anayekaa kwangu tangu alipoanza chuo. Baada ya kula kachukua simu yangu. Yeye na wenzake wa darsa wana desturi yao: kabla mwezi haujaandama wanasafishiana simu. Picha za ovyo, filamu, nyimbo, vyote nje, kama nyumba inavyopigwa deki.

"Nakutafutia thawabu, mama mkubwa."

Siku nyingine ningembishia mpaka asubuhi. Leo nilikuwa nimeshiba. Nikamwachia.

Jumapili, 2 Machi

Funga ya kwanza. Kichwa kinagonga kwa kukosa kahawa.

Baada ya futari nikafungua ile programu ya muziki. Si kusikiliza — kutazama tu kama Mwishehe aliweka wimbo kwenye orodha yetu kabla ya mfungo. Kila mwaka huweka.

Hakuna. Yaani orodha yenyewe haipo. Hakuna hata moja. Orodha zote za nyimbo zimefutwa, na ile yetu pia.

Nimemwita Naila. Kaja na taulo kichwani. Nyimbo, kasema, alidhani zinafutika kwenye simu tu, kwa ajili ya Ramadhani, na baada ya Idi zitarudi zenyewe.

"Zitarudi zenyewe? Ni popo hizi?"

"Sasa mama mkubwa, ile ya mwisho haikuwa hata na jina. Imeandikwa Orodha Mpya 4. Nikajua takataka."

Kweli haikuwa na jina. Ungeipa jina gani kitu kama kile?

Jumatatu, 3 Machi

Niandike, maana sijapata kumwambia mtu.

Mwishehe alikuwa mume wangu. Tuliachana mwaka wa nne sasa. Yuko Mbegani, anafundisha ufundi wa injini za boti. Mtu wa kimya. Mimi naandika makala gazetini kila wiki na sijapata kuumaliza ugomvi hata mmoja. Watu waliuliza tuliachana kwa nini. Waliotujua waliuliza tulioana vipi.

Ile orodha tuliianza pamoja siku ya safari ya Mkange kwenye harusi, barabara mbovu, yeye akiendesha, mimi nikichagua nyimbo. Programu ikaiita Orodha Mpya 4, tukaiacha hivyo. Wote wawili tunaweza kuweka nyimbo. Baada ya talaka hakuna aliyekumbuka kumtoa mwenzake.

Kisha siku moja, eda yangu imekwisha, nikakuta wimbo ambao sikuuweka. Taarabu ya zamani, mwanamke anauliza nani sasa anakunywa maji ya mtungi wake. Nilikasirika. Halafu nikamjibu: dansi, mwanamume anakiri kwamba nyumba haikuungua kwa kiberiti kimoja. Baada ya wiki naye akajibu. Ikawa hivyo. Huku kwetu si jambo geni. Bibi zetu wamesemana kwa kanga, na mpaka leo mwanamke hunyanyuka ukumbini kwenda kumtuza mwimbaji kwa ubeti unaomchoma jirani yake. Lakini wao hufanya mbele za watu. Sisi tulifanya bila shahidi. Tukikutana msibani ni salamu na pole, basi.

Mama alipofariki aliweka kasida moja. Hakupiga simu. Niliisikiliza, nikalala kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Na huduma hii, orodha akiifuta mmoja, inafutika kwa wote. Kwa hiyo Mwishehe kafungua simu yake huko Mbegani, kakuta patupu. Mkesha wa Ramadhani. Ataelewa nini? Kila kitu nilichofanya mle kilikuwa jibu. Ataelewa kwamba na hili ni jibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaandikia wenye huduma. Kumbe si watu, ni mashine inayojibu.

"Habari rafiki! Pole kwa usumbufu." Nikaandika: mimi si rafiki yako, nirudishie mali yangu. Ikajibu kwamba inafurahi kunisaidia, je, nimejaribu kuzima simu na kuiwasha? Nikaandika aya nne kuhusu kampuni zinazokukodisha kumbukumbu zako mwenyewe kwa mwezi. Nzuri sana, aya zile. Ikauliza kama nimeridhika na huduma, nichague nyota.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kuiunda upya kwa kichwa. Nyimbo zipo, kila moja ukiitafuta unaipata. Kinachokosekana ni mpangilio: nani alimjibu nani, baada ya nini. Ile ya kinanda aliiweka kabla ya mimi kumtania na lile dansi la mlevi, au baadaye? Ikiwa kabla, alikuwa ananibembeleza. Ikiwa baadaye, alikuwa ameumia.

Kazi yangu ni kubuni hoja za mpinzani ili nizibomoe. Naifanya vizuri. Sehemu ya Mwishehe imenishinda. Kila wimbo ninaomwekea unatoka wa kwangu mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma masharti ya huduma. Yote. Sidhani kama aliyeyaandika aliyasoma. Huko chini kabisa, baada ya sheria za nchi ambazo sitofika: orodha zilizofutwa huhifadhiwa mwezi mmoja, na mwenye akaunti anaweza kuzirejesha kupitia kompyuta, si simu.

Nikaruka kwenye kiti. Nikafungua kompyuta. Haikunitambua. Ikasema imetuma namba ya siri kwenye anwani ya mwenye akaunti, niiandike hapa.

Mwenye akaunti ni Mwishehe. Aliifungua yeye, enzi zile, akaunti moja ya sote wawili. Mimi nalipa tu.

Nimefunga kompyuta taratibu, kama anayefunika chungu.

Ijumaa, 14 Machi

Muhidini, mhariri wangu, kapiga. Makala iko wapi, bibie, wasomaji wanauliza, kuna hata mmoja kaandika kututukana kwa kukukosa. Nikamwambia nina funga. Kasema mwaka jana nilikuwa na funga na nikawapiga madiwani wote kwa wiki nne mfululizo. Kweli. Mwaka jana kila baada ya tarawehe nilikuwa natazama Orodha Mpya 4. Hiyo sikumwambia.

Jumanne, 18 Machi

Nimemtuma Naila. Ndiyo, mimi, niliyeandika kwamba anayetuma mtu kumsemea hana la kusema. Kosa ni lake, na alirekebishe. Kapiga mbele yangu, simu sikioni.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Nikasikia "marahaba" nzito, mbali. Naila akaeleza: simu, thawabu, namba ya siri. Alieleza vizuri, hakujitetea. Halafu Mwishehe akasema maneno machache, na Naila akanitazama.

"Anauliza, mwenyewe hana mdomo?"

Mimi. Hana mdomo. Bagamoyo nzima ingekesha ikicheka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepiga. Alasiri, Naila yuko darsani.

"Asalaam alaykum, Mwishehe."

Kimya. Nilikuwa nimekisahau kimya chake. Si cha mtu aliyekosa neno. Ni cha mtu anayefuta mikono kwanza.

"Waalaykum salaam. Umefunga?"

"Nimefunga. Waniuliza kana kwamba unanijua vibaya."

"Nakuuliza kwa sababu sauti yako haina hasira. Nikadhani mgonjwa."

Nikacheka bila kutaka. Naye akacheka kidogo, kupitia puani, kama zamani.

Nikamwambia namba imeshatumwa kwake, anisomee. Badala ya kusoma akasema, "Nilidhani umemaliza."

"Ningekuwa nimemaliza ungeona gazetini."

"Nilinunua gazeti. Wiki mbili. Hukuwemo."

Alinunua gazeti kutafuta kama nimemwandika. Mtu ambaye tulipokuwa pamoja alikuwa akifungia samaki makala zangu — na nilimwandama kwa hilo, Mungu shahidi.

Tukaongea. Kuhusu mama yake na macho yake. Kuhusu wanafunzi wake wanaotaka cheti bila kushika grisi. Kuhusu nazi zilivyopanda bei mwezi huu. Aliposoma namba, mashine ikasema muda wake umekwisha, niombe nyingine. Kwao kulikuwa kunaadhiniwa. "Kesho kutwa, basi," akasema. Sikubisha.

Jumamosi, 22 Machi

Safari hii alisoma mara moja. Alisoma polepole, namba moja moja, na mimi nikaziandika moja moja, na mlango ukafunguka.

Zipo. Ukurasa mweupe, kichwa chake "Zilizofutwa", na mle ndani orodha zangu za kufulia, za kuandikia, za foleni ya Mapinga, zote. Na Orodha Mpya 4. Huwezi kuiona ndani mpaka uirejeshe. Pembeni kitufe: Rejesha. Chini yake tarehe ya mwisho, tarehe thelathini.

"Nimeingia," nikasema. "Nabonyeza."

"Ngoja kwanza."

Nikangoja. Kafuta mikono weee.

"Ukirejesha, halafu?"

"Halafu tunaendelea."

"Tunaendelea na nini, Maulida? Miaka yote hii nazungumza na wewe kwa midomo ya marehemu. Naweka wimbo, nakaa wiki nasubiri wako, nikiupata sijui kama umenipenda au umenitukana."

"Mara nyingi vyote viwili."

"Basi ungesema hivyo. Kama unavyosema sasa. Mimi si mtu wa kusema, wanijua. Lakini wiki hii nimesema. Ukibonyeza hapo hutopiga tena. Nakujua. Na mimi nikishapata pa kujificha sitopiga."

Nikamwambia mle ndani mna kasida ya mama. Akasema anajua, aliiweka yeye. Nikamwambia siwezi kuacha hiyo ipotee. Akasema hajaniambia niiache ipotee, kasema nisubiri. Atakuja kufuturu Jumapili ya mwisho, inshallah, kama nitamkaribisha.

Nikasema karibu. Nilisema haraka kuliko heshima ilivyotaka.

Jumatatu, 24 Machi

Naila ana fatwa. Baba mkubwa si maharimu wangu tena, haifai akae ndani. Nikamuuliza nani alimpa ukadhi. Kasema hahitaji ukadhi kujua talaka. Tumebishana kutoka kuloweka mbaazi mpaka kuzipika. Ana hoja, mtoto yule, na hapepesi macho. Kwa mara ya kwanza nimeona damu yangu ndani yake.

Tumepatana: atakaa barazani, Naila atakuwepo, mlango wazi.

Jumatano, 26 Machi

Leo nilifungua ule ukurasa mara nyingi. Upo. Kitufe kipo.

Nataka vyote. Nataka zile nyimbo zirudi kama zilivyokuwa, kila moja na jirani yake, nijue kama ile ya kinanda ilikuwa kabla au baada. Na namtaka anayefuta mikono kabla ya kusema. Sijui kwa nini naona kwamba sitopata vyote. Mwishehe ndiye aliyesema. Angesema mwanasiasa ningembomoa kwa aya mbili.

Jumapili, 30 Machi

Kaja mapema, kwa pikipiki, na samaki wanne, changu, kwenye mfuko na kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, inaonekana mgongoni. Kanenepa kidogo. Nywele nyeupe juu ya masikio. Alisimama kwenye ngazi ya baraza kama mgeni wa kweli, akapiga hodi mara tatu kwenye nyumba aliyoiezeka.

Naila kamtandikia mkeka. Shikamoo, marahaba, habari za chuo. Adhana ikatoka, tende, uji wa pilipili manga. Tukaswali kila mmoja mahali pake. Mimi nikala upande wa ndani wa mlango, yeye upande wa nje, Naila katikati na jagi la maji kama polisi wa usalama barabarani.

Hatukusema kitu. Hapana — tulisema mbaazi zimeiva vizuri. Tulisema watu wako ufukweni wanatazama mwezi. Nikaingia chumbani kutafuta mtandio ambao nilikuwa nimeuvaa.

Nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, daftari hili juu yake. Ukurasa uko wazi. Kitufe kile kile, na chini yake safari hii imeandikwa: leo. Dirisha la chumba hiki linatazama baraza. Namsikia Naila anamuuliza kama ni kweli injini ya boti inaweza kuharibiwa na maji matamu. Anamjibu kwa kirefu. Sijapata kumsikia akijibu kitu kwa kirefu. Au sikuwa nimempa nafasi, sijui.

Naila kainuka kupeleka vyombo.

Halafu, karibu kabisa na dirisha, bila kupandisha sauti, maana anajua kitanda kilipo:

"Umeshabonyeza?"

"Bado."

"Basi bonyeza au usibonyeze, hiyo juu yako. Lakini ukimaliza njoo unambie. Nimekuja kusikia."

Anasubiri. Nasikia kikombe kinawekwa chini. Mtu ambaye hunisubiri wiki nzima kwa wimbo mmoja hana haraka na mimi.

Nimeshatunga sentensi tatu za kuanzia. Nimezisoma kimoyomoyo. Zote tatu ni za gazetini.