Kabati la Kidato cha Pili

Jumanne

Mkuu wa shule kanisifu leo, na ndiyo maana sina raha.

Tangu tuache viboko na kuanza kutoa kadi za pongezi, Kidato cha Pili wananishinda kwa kelele. Leo nilikwenda kabatini kuchukua kadi nimpe Neema, aliyefuta ubao bila kutumwa. Kushika tu kitasa, darasa zima kimya. Neema akanyoosha kiganja, macho chini.

“Nisamehe, madam.”

Mkuu alikuwa anapita dirishani. “Utulivu huu! Kadi zinafanya kazi. Kesho uwaeleze walimu wanaokuja kutoka Ihumwa.”

Niwaeleze nini? Kwamba sijathubutu kuitupa fimbo? Imo mlemle kabatini, nyuma ya kadi, na watoto wote wanajua.