Hodi ya Saa Kumi na Dakika Kumi

Jumapili, Bofu. Jua kali, hewa imesimama. Nguo zimekauka kambani lakini ukizishika bado zina unyevu wa chumvi.

"Kitu kinachojiwasha chenyewe saa ile ile kila siku, na mwenyewe yuko kaburini, kina jini. Hakina dawa ila kutupwa."

Maneno hayo aliyaandika Salim kwenye kundi la familia. Salim ni kakake marehemu Bakari, na Bakari alikuwa mume wa mdogo wangu Rehema. Watu kumi na mmoja waliandika "Amin" chini yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Rehema anaendeleaje.

Mimi sikatai kwamba majini wapo. Mola amewataja, mimi ni nani nikatae? Ninachokataa ni kuwapa majini kazi ya mafundi. Bomba likivuja, jini. Mtoto akianguka mtihani, jini. Mtu akishindwa kumtembelea mjane wa nduguye, hilo nalo jini limemshika miguu. Salim amefika nyumba hii mara moja tu tangu Rehema amalize eda, na alifika na chetezo mkononi, akaifukiza kompyuta ubani mpaka ukuta ukapata weusi. Kisha akaenda zake kuandika kwenye simu.

Lakini shajara ni mahali pa kukiri, basi nakiri.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimeketi sebuleni hapa, alasiri, peke yangu. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umerudishwa. Kompyuta ya Bakari ilikuwa humo, imezimwa, imefunikwa leso. Nikamsikia Bakari.

"Hodi wenyewe!"

Sauti yake hasa, na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho kabla ya kusema neno lolote. Na kutoka jikoni, bila hata kusimamisha mbuzi ya nazi, mdogo wangu akajibu, "Karibu."

Akaendelea kukuna.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika kumi. Huo ndio wakati Bakari aliokuwa akiingia nyumbani kutoka kazini Changamwe, siku zote alizofanya kazi huko.

Sauti yenyewe niliielewa upesi. Bakari alikuwa mtu wa mizaha. Alijirekodi akipiga hodi, akaiweka sauti hiyo mahali pa ule mlio ambao kompyuta hutoa ikishawaka. Sawa. Lakini nani aliiwasha? Betri ndogo inayotunza saa ndani ya mashine ilikufa zamani. Kila ikiwashwa inadhani ni usiku wa manane wa mwaka mpya wa zamani sana. Mashine isiyojua saa ilijuaje kwamba ni saa kumi na dakika kumi?

Swali hilo nililala nalo wiki tatu.

Kompyuta yenyewe haifanani na kitu kinachouzwa dukani. Bakari alikuwa fundi wa stima, aliiunda kwa mikono yake ndani ya sanduku la bati ambalo Rehema alikwenda nalo shule ya bweni. Jina lake lingali ubavuni kwa rangi nyeupe. Bodi kuu aliitoa kwenye mashine iliyotupwa na saibakafe. Diski aliiunganisha kupitia kadi fulani ya ofisini ambayo walioiunda wenyewe wameshaisahau. Feni ni mbili, moja inazunguka, ya pili inatetemeka tu.

Rehema anataka kufungua kibanda cha kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Mfumo endeshi uliomo ni mzee mno, kurasa hizo hazifunguki. Basi nikaja Ijumaa baada ya swala na flashi yenye mfumo mpya, ule wa bure, nikamwambia nitafuta kila kitu kilichomo na kuanza upya.

Hakukataa. Nikahesabu kwamba amekubali.

Nimeandika mara ngapi humu, nikiwagombeza wanaume, kwamba mwanamke kunyamaza si ndiyo?

Jana asubuhi nilianza. Soketi yake haikuwa na stima asubuhi, basi ilinibidi kuchomoa plagi yake na kuipeleka soketi ya jikoni kwa waya mrefu, na hapo ndipo nilipoona kwamba waya wa ile soketi yake ya kawaida unapita tundu la ukutani na kutokea uani, kwenye pampu ya kisima. Kando ya pampu kuna kisaa cha duara chenye vijino pembeni, kile mafundi wanachokiita taima. Saa kumi na dakika kumi kinaipa pampu stima ijaze tangi, saa kumi na mbili kinakata. Na Bakari aliiunga kompyuta kwenye waya huo huo, akaipangia iwake mara tu stima ikiifikia.

Nilicheka peke yangu uani. Jini la Salim lina vijino vya plastiki! Nikaanza kuitunga hotuba nitakayompa Rehema jioni, ya kumtoa hofu.

Kabla ya hotuba, kazi. Kwanza mashine ililia mara tatu na skrini ikabaki nyeusi. Nikachomoa vipande vya RAM, kumbukumbu ya mashine. Miguu yake ya shaba ilikuwa imefunikwa na masizi yanayonata. Ubani. Salim, jini ulilolifukiza lilikuwa zima, wewe ndiye uliyelitia ugonjwa. Nikasugua kwa raba ya penseli mpaka shaba ikang'aa, nikarudisha, picha ikaja.

Kisha mistari myeupe ikapita, ikasimama. Hakuna diski iliyoonekana.

Nilikuwa naisikia diski ikikoroma chini ya kidole changu, na mfumo unaniambia haipo. Nikazima, nikawasha. Haipo. Nikabadilisha waya. Haipo. Nikatafuta kwa simu, nikamkuta mtu mmoja wa mbali akimjibu mwenye shida kama yangu: kadi hiyo ni ya zamani, haina msaada, itupe ununue nyingine. Mwamini majini na mwuza mashine hawajawahi kukutana, na dawa yao ni moja. Tupa.

Mimi ukiniambia tupa, umenipa kazi ya siku nzima.

Ilikuwa imepita alasiri nilipokuta ukurasa wa zamani ulioeleza neno moja la kuongezwa kwenye mstari wa amri ya kuwashia mfumo, ili mfumo uibebe kadi ile hata kama haiitambui. Mara ya kwanza skrini iliganda. Mara ya pili nilikuwa nimekosea herufi. Mara ya tatu diski ikajitokeza, na jina Bakari alilolipa.

NYUMBANI.

Nikaulizwa kama nina hakika nataka kuifuta NYUMBANI yote. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikahisi mtu nyuma yangu.

"Dada."

Rehema alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Naam."

"Ni saa kumi na dakika nane."

"Kwani?"

"Mwache aingie kwanza."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia sogeza kiti. Nilizima. Nikachomoa flashi, nikarudisha plagi kwenye soketi yake. Tukangoja, yeye mlangoni, mimi kitini. Huko uani taima ikalia *ta*, pampu ikaanza kunguruma, feni ikazunguka.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akasema, na mvuke wa chai ukampita usoni.

Nikaona saa yangu imefika. Nikamkalisha, nikampa hotuba yote: soketi, waya, pampu, vijino. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wallahi hakuna mtu humu. Ni kisaa tu. Usiogope."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Siku anaifunga hiyo taima, tochi nilimshikia mimi. Wewe umeiona leo asubuhi ushapanda mimbari." Akanimiminia chai. "Haya, nikuulize wewe msomi. Alhamisi stima ilipotea saa tatu nzima. Kisaa hicho stima ikipotea hulala. Na Ijumaa ulikuwapo, hodi ulisikia saa ngapi?"

Saa kumi na dakika kumi. Ilipasa iwe saa moja na dakika kumi usiku. Sikuwa nimelifikiria.

"Nani alikisogeza?" akauliza.

Nikageuka kutazama uani.

"Mimi. Kila stima ikirudi natoka uani nakisogeza. Mvua, jua, nakisogeza. Jini gani huyo, dada, anayengoja mwanamke amsogezee saa?"

Nilikuwa nimebakisha kitufe kimoja kumfutia mdogo wangu sauti ya mumewe, na sababu yangu ilikuwa kumwokoa na ujinga ambao hakuwa nao. Nimshukuru nani? Kadi mbovu isiyokuwa na msaada. Ingekubali asubuhi, Bakari angekuwa amefutika kabla ya adhuhuri.

Leo tumefanya vingine. Nimeitoa NYUMBANI pamoja na kadi yake, Rehema akaifunga ndani ya leso na kuiweka kabatini. Mahali pake nimetia diski nzima kutoka laptopu yangu iliyokufa, nikaichomeka moja kwa moja kwenye bodi, mfumo mpya ukaingia bila ugomvi. Nilijitolea kuihamisha hodi humo. Akakataa.

"Ya kazi iwe ya kazi. Siwezi kusogeza saa maisha yangu yote."

Plagi tumeihamisha soketi ya jikoni moja kwa moja. Taima imebaki na pampu yake tu. Ukurasa wa fomu ulifunguka. Aliandika jina lake kamili, akalifuta, akaliandika tena. Kisha akazima kwa mkono wake, akafunika leso, akaenda kuanza mapishi.

Ningependa kuishia hapo.

Niliketi sebuleni, miguu nimeinyoosha. Saa kumi na dakika kumi nikasikia *ta* ya uani na pampu ikinguruma. Chumbani kimya. Kompyuta imezimwa, nilikuwa nimehakikisha. Diski iko kabatini. Nilihesabu pumzi tatu, nikajiambia, limekwisha.

"Karibu," Rehema akasema kutoka jikoni.

Nikamwita. "Rehema!"

"Abee."

"Umemjibu nani?"

Akatoa kichwa mlangoni, mikono imejaa unga, akanitazama kama anatafuta mzaha usoni pangu.

"Kwani wewe hukusikia?"

Mimi sikusikia kitu. Naandika hivi nikiwa na akili zangu: sikusikia kitu. Unaweza kusema ni mazoea ya ulimi, na ukisema hivyo huenda umesema kweli, hata mimi nimejiambia hivyo mara nyingi tangu alasiri. Lakini nilipotazama chini, miguu yangu niliyokuwa nimeinyoosha katikati ya njia ilikuwa imekunjwa chini ya kiti. Sikumbuki kuikunja. Na mtu hukunja miguu hivyo anapompisha mtu.

Sina hoja ya hilo. Nimetafuta, sina.

Ninachojua ni kwamba tangu eda iishe hakuna aliye hai aliyesimama kwenye mlango huu na kupiga hodi, isipokuwa mimi, na Salim na moshi wake. Nyinyi wa kundi la familia mmeiacha kazi hiyo kwa sanduku la bati. Na sasa sanduku limenyamaza, na mdogo wangu bado anajibu.

Basi wewe Salim, na nyinyi kumi na mmoja mlioandika Amin: kesho saa kumi na dakika kumi nawataka hapa Bofu. Chetezo kiacheni kwenu. Simameni mlangoni mpige hodi kwa vinywa vyenu, kwa sauti, kila mmoja wenu, ili Rehema akisema karibu nijue anamkaribisha nani.