Kifaru Kinasogea

Jumatano, jioni. Ukungu ulishuka asubuhi na hadi sasa haujaondoka. Manyunyu nayo yamegoma kuwa mvua. Naandika kwa sababu mikono imekataa kazi nyingine yoyote.

Wanaonisoma humu wanajua historia yangu. Nilikuwa kamanda wa kifaru jeshini, kile cha chuma. Nilipostaafu nikarudi Serengeti, nikapata kazi ya kukaa mbele ya skrini kufuatilia vifaru wengine, hawa wa nyama na ngozi. Kila mmoja ana kifaa kinachowasiliana na setilaiti. Kimefichwa ndani ya pembe, jambo tuliloambiwa tusilitaje. Leo nalitaja. Kwangu mimi kila mnyama ni nukta nyekundu kwenye ramani.

Askari wa doria wananicheka kwa kosa moja. Kwenye redio huwa nasema "kifaru kinakunywa maji", "kifaru kimelala". Ni ulimi wa jeshi huo. Rehema, kiongozi wa doria aliyehamishiwa huku kutoka Songea, hunisahihisha kila siku: "Mzee, sema amelala. Huyu ana roho."

Leo saa mbili asubuhi nukta ya dume mmoja mzee ilianza kutembea. Mnyama huzurura, hula, hurudi alikotoka bila sababu. Hii ilipanda kilima moja kwa moja, ikasimama kabla ya kilele. Ikatulia dakika kadhaa. Kisha ikashuka kidogo, ikazunguka kushoto, ikavukia begani mwa kilima.

Nikaweka kikombe cha chai chini.

Hivyo ndivyo kifaru cha vita kinavyovuka kilima. Kamanda anachungulia, macho yake tu ndiyo yanayopita ukingo, chuma chote kikiwa kimefichwa nyuma. Halafu hatokei pale alipochungulia, maana kama kuna aliyemwona, mzinga umeshaelekezwa hapo. Anarudi nyuma, anatokea pengine.

Nikashika redio. "Rehema, kifaru kinasogea kuelekea vijijini."

Hakunisahihisha. Redio ilikoroma kwanza, kisha akasema polepole, "Mzee, huyo kifaru nimesimama mbele yake sasa hivi. Hajasogea. Wamemuua, pembe hana."

Kwenye skrini nukta ilikuwa bado inatembea.

Ikaingia korongoni ikapotea. Kwenye makorongo marefu mawasiliano na setilaiti hukatika. Mbele yake kulikuwa na mbuga ya udongo mweusi, ule unaomeza gari hadi ekseli mvua ikinyesha. Nikajiuliza: ingekuwa mimi na chuma changu, ningetokea wapi? Kuna sehemu yenye mawe na mizizi ya migunga, ardhi yake ngumu. Nikaweka kidole hapo kwenye skrini.

Baada ya dakika ishirini nukta ikawaka chini ya ukucha wangu.

Niliogopa. Nilikaa miaka mingi ndani ya chuma na sikuwahi kuogopa namna hii. Nilikuwa natazama akili yangu mwenyewe ikitembea porini, na mimi nimekaa kitini.

Nje ya jeshi nimemfundisha mtu mmoja tu mambo hayo. Mdogo wangu, Mwita. Mwaka jana tuliketi uani kwa mama, kijijini Nyambureti, tukipukuchua mahindi. Nikapanga magunzi yawe vifaru, mchanga uwe vilima. "Mura, mdogo wangu, usitokee ulipochungulia," nilimwambia. Akacheka, akauliza, "Na hizo setilaiti je, kaka, zinashindwa kuona wapi?" Nikamjibu kwa furaha. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kutaka kujua kazi yangu. Alidhani setilaiti ni macho tu yanayotazama watu kutoka juu. Habari ya kifaa ndani ya pembe sikumwambia.

Saa tano nukta ilifika Nyambureti. Ikapita nyuma ya nyumba moja, ikasimama. Nikavuta ramani karibu. Ghala la mahindi, bati jipya. Bati lile nililipigilia mimi.

"Mzee, tupe namba za mahali," Rehema akaita.

Sitadanganya humu. Kidole kikiwa kwenye kitufe cha redio, nilifikiria kumpa namba za ng'ambo ya mto. Angeniamini. Kwenye ukungu ule watu wake walikuwa wanatembea kwa sauti yangu tu, na kila siku wamenikabidhi maisha yao hivyo hivyo.

"Mzee, unanipata?"

"Nakupata."

Nikazisoma, tarakimu moja moja, kama nilivyofundishwa. Akazirudia zote bila kukosea.

"Hapo unapajua? Ni kwa nani?"

Nikamwambia ni kwetu.

Saa nane walinijulisha kwamba pembe imepatikana ghalani, chini ya mahindi. Mwita wanaye, hajaumia. Rehema alisema "pole, mzee", nikaona afadhali angenitukana.

Mama amepiga simu mara nne. Sijapokea. Nikipokea atalia, kisha ataniuliza waliijuaje nyumba. Nitamwambia nini, kwamba kaka yake Mwita alikuwa anamtazama njia nzima?