Mgeni wa Jumapili Kumi na Nne

Mgodi wa Chitambira,
Jumamosi, 17 Aprili 1993

Kwa Dada Ednah mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, kisha uzigawe humo nyumbani, uanze na shemeji na umalizie kwa yule kitindamimba wako ambaye sijamwona tangu aanze kutambaa. Natumaini mguu wako umepona na sasa unakanyaga bila fimbo. Sisi huku ni wazima. Baba Ratidzo anaingia shimoni zamu ya asubuhi mwezi huu, Ratidzo amefaulu mtihani wake wa ushonaji, na mahindi niliyopanda nyuma ya nyumba yametupa mabichi ya kuchoma kwa wiki tatu mfululizo. Baada ya ukame wa mwaka jana, hilo peke yake ni la kupigiwa magoti. Kwa afya na chakula sina la kulalamika.

Kwa mengine ninalo, tena kubwa. Dada, nina hasira. Tangu juzi hasira imenikaa kooni na haimezeki. Jana nilivunja sahani mbili nikiosha vyombo, mpaka Baba Ratidzo akaniuliza kama nagombana na sahani au na mtu.

Barua yako ya mwezi wa pili niliipata. Uliniuliza jambo moja tu, kama Mbuya Marunjeya amepokewa vizuri kanisani kwetu. Ukaniuliza tena kwenye ile ya wiki ya Pasaka. Sikujibu, na najua umeona kwamba sikujibu. Leo nitajibu, lakini niache kwanza niyatoe niliyoyaona kwa macho yangu, maana yakikaa ndani yatanipasua.

Wewe unamjua bibi huyo kuliko mimi, umeimba naye miaka yote huko Gokwe. Mimi nilimwona mara ya kwanza Jumapili ya pili ya Januari. Mwanawe Fidelis, anayefanya kazi kwenye kinu cha kusaga mawe, alikuwa amemleta mgodini baada ya ng'ombe wao wote kufa. Aliingia kanisani na sare kamili ya akina mama: blauzi nyekundu, sketi nyeusi, na kofia nyeupe iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Blauzi imepauka mabegani kwa jua na kufuliwa, lakini hakuna kifungo hata kimoja kilichopungua. Ungedhani mtu anayeingia hivyo atapelekwa mbele na wenzake. Alipewa benchi la nyuma kabisa, mlangoni, wanapopita watoto wakienda kukojoa.

Baada ya matangazo katibu akasema wageni wasimame. Akasimama, akapiga makofi taratibu kwa heshima kama mnavyofanya kwenu, akataja jina lake na alikotoka. Tukamwimbia wimbo wa kukaribisha. Kisha Mchungaji Mapfeka akamwomba atuanzishie wimbo mmoja, kwa adabu tu, maana sisi ni watu wa adabu sana. Dada, bibi akafungua kinywa. Sitakueleza, wewe umemsikia. Mpiga ngoma alisimama bila kuambiwa, manyanga yakaitikia, na akina mama ambao magoti yamewakatalia tangu zamani wakatoka kwenye mabenchi wakicheza. Ubeti mmoja tuliurudia mpaka mchungaji akaanza kutazama saa.

Basi mtu angesema huyu amekwisha kupokewa. Lakini unajua utaratibu wetu, Dada, na wewe ni katibu wa kanisa huko kwenu. Anayehama huja na barua ya kanisa alikotoka, anampa kiongozi wa darasa, lile kundi la washirika wa mtaa wake, kiongozi anaipeleka kwa mchungaji, inasomwa mbele ya watu wote, na mgeni anaingizwa darasani. Kuanzia siku hiyo yeye ni mwenyeji. Asiye na barua husimama na wageni.

Jumapili yake ya pili akasimama na wageni. Ya tatu akasimama. Kufika ya tano, wanakwaya walikuwa wanageuza shingo kumtafuta kabla katibu hajamaliza kusema. Ya nane, Mai Gurajena, mwenyekiti wetu wa akina mama, alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Haya, mgeni wetu wa kila wiki huyo! Mwimbieni tena, huenda leo akatuzoea." Watu wakacheka. Watu wazima, Dada, wamepakata Biblia, wanacheka. Na yule bibi akapiga makofi yake ya heshima, akataja jina lake na alikotoka, kana kwamba ndiyo kwanza anashuka kwenye basi.

Jumapili ya Pasaka nusura niondoke. Huku kwetu tunakwenda kwenye meza ya Bwana darasa kwa darasa. Likaitwa la kwanza, la pili, mpaka la sita na la mwisho, na yeye akabaki peke yake kwenye benchi lile la mlangoni, ameshika kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Mchungaji alimwona. Nasema alimwona kwa sababu nilimtazama akimwona. Akatandika kitambaa juu ya vikombe, ibada ikaendelea. Mchungaji Mapfeka ni mtu mpole, lakini upole wa namna ile ni uvivu uliovaa kola. Anamwogopa Mai Gurajena kuliko anavyomwogopa askofu.

Sasa sikia ya juzi Alhamisi, kwenye mkutano wa akina mama. Tulikuwa kama arobaini. Kabla hatujaomba, Mai Gurajena akasema ana neno dogo kuhusu sare. Akasema siku hizi kuna watu wanavaa sare ambayo haijulikani waliivishwa na nani, kwani sokoni sasa kila kitu kinauzwa, unanunua nyanya na unaongezewa kofia. Wengine wakaanza kuchekelea kwenye viganja. Akamtaka Mbuya Marunjeya asimame, akamuuliza barua yake iko wapi.

 Bibi alitazama huku na huku kidogo, kisha akasema, "Ilipotea njiani, mwanangu. Basi lilijaa sana."

"Lilijaa watu au lilijaa barua?" akauliza Mai Gurajena, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Hapo akamwambia kwamba mpaka barua nyingine ije, sare aiweke kando, na kwa leo aanze na kofia. Mbuya Marunjeya hakubishana. Alichomoa pini mbili, akaivua kofia, akazichomeka pini zile kwenye ukingo wake zisije zikapotea, akaiweka benchini. Nywele zake zote ni nyeupe, Dada, na zilikuwa zimesukwa mistari midogo midogo kama ya msichana wa shule, maana hakutarajia kwamba kuna mtu atakayeziona. Arobaini tukaziona. Hakuna hata mmoja aliyemtupia kitambaa. Tulipoinama kuomba, alijifunika kichwa kwa viganja vyake viwili, akaomba hivyo hivyo hadi amina.

Nililipuka. Nilisimama nikamwambia Mai Gurajena kwamba hana haya, kwamba anayemvua kofia ni wa umri wa mama yake, na kwamba kama Kristo mwenyewe angeshuka Chitambira bila barua, yeye angemkalisha mlangoni kwenye njia ya choo.  Aliniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Mai Ratidzo, wewe si ndiye kiongozi wa darasa la mtaa wao? Kama unayo barua yake, ilete. Kama huna, kaa."

Nikakaa.

Haya, Dada, sasa nalijibu swali lako.

Barua ninayo. Wewe uliiandika kwa mkono wako na ukamwambia bibi ampe mdogo wako mkononi, naye alinipa mkononi. Ilikuwa Jumapili ile ile ya kwanza, pale mlangoni baada ya ibada. Ilikuwa imefungwa ndani ya leso, na leso imepigwa fundo kifuani mwake. Niliisoma nikiwa bado nimesimama. Umeandika kwamba amekuwa mshirika kwa miaka arobaini na moja, mwaminifu, hana doa. Halafu chini, kana kwamba hayo hayatoshi, ukaongeza, "Mpeni nafasi ya kuanzisha nyimbo, mtanishukuru."

Dada, aliyekuwa anaanzisha nyimbo katika kanisa hili kwa miaka kumi na tisa ni mimi. Ulilijua hilo. Na dakika ile ile mpiga ngoma akanipita, akaniuliza bila ubaya wowote kama yule bibi ndiye atakayeanzisha wiki ijayo. Niliikunja barua nikaitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nilijiambia ni wiki moja tu, acha kwanza joto lipoe. Wiki ya pili bibi akaniuliza taratibu, nikamwambia mchungaji amesafiri. Ya tatu nikamwambia mchungaji ana wagonjwa. Ya nne nikamwambia daftari la washirika linabadilishwa. Ya tano hakuniuliza tena, na hajaniuliza mpaka leo.

Alhamisi, alipoulizwa barua iko wapi, ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba uko mapajani kwangu. Nimekuambia alitazama huku na huku. Nilikuficha. Alinitazama mimi. Hakukawia, hakukunja uso, alinitazama tu kama unavyomtazama mtu ili ujue kama atasema yeye au useme wewe. Nikatazama viatu vyangu. Ndipo akasema ilipotea njiani.

Kwa hiyo hasira yangu isikudanganye kwamba mimi ni mwema. Nina hasira na Mai Gurajena na sijamsamehe. Nina hasira na mchungaji na vikombe vyake. Nina hasira na wewe kwa ule mstari wa chini, japo hukuandika uongo. Na bibi mwenyewe nina hasira naye, Dada, naye pia! Kwa nini hakunitaja? Angenitaja ningekana, ningemwita mzushi, ningemchukia kwa raha zangu. Badala yake akanifunika mimi, na yeye akakaa kichwa wazi.

Jana mchana nilikwenda kwake na barua. Nilimkuta anamenya karanga kizingitini. Kabla sijafungua mdomo alinitandikia mkeka, akamwita mkwewe aniletee kikombe cha togwa, akaniuliza hali ya Baba Ratidzo kule shimoni na kama Ratidzo amefaulu mtihani. Jina la mwanangu analijua. Mimi la mjukuu wake hata mmoja silijui. Nilikaribishwa, Dada, kama mtu anavyopaswa kukaribishwa. Togwa lile nililiweka chini kando ya mkeka.

Nikampa barua, nikamwambia nimekosa. Hakuipokea. Akasema, "Hiyo si yangu, mwanangu. Mimi niliibeba tu. Imeandikiwa kanisa." Kisha akaendelea na karanga zake, na nilipoaga akanifungia sahani nzima nipelekee watoto. Ninayo hapa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Kesho ni Jumapili ya kumi na tano. Katibu akisema wageni wasimame, nitatoka mbele ninapokaa na akina mama, niende benchi la mlangoni, nisimame kando yake. Nitaisoma barua yote, pamoja na ule mstari wako wa chini, kisha nitasema imekaa wapi tangu Januari. Darasa watanivua, najua, na sare pia. Mai Gurajena hatalala kwa furaha. Na afurahi. Kofia yangu nimeipiga wanga leo, ili wawe na cha kuvua. Pini zake ni mbili kama za bibi. Nimezijaribu, zinatoka upesi.

Usije kunitetea, wala usimwandikie mchungaji. Kama kuna wa kunikemea ni wewe, na nitasubiri barua yako nikiwa tayari kuisoma yote.

Nisalimie shemeji, watoto, na akina mama wote wa kanisani kwenu mliokaa naye miaka arobaini na moja bila kumwuliza karatasi. Usiache kuukanda mguu kwa maji ya moto. Baba Ratidzo anakusalimu na anauliza kama mbegu za mtama zimebaki.

Mbuya Marunjeya naye anakusalimu. Jana nikiwa mlangoni aliniagiza nikuandikie kwamba alifika salama, na kwamba amepokewa vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Sekesai