Mlowezi Aliyekuja Kuomba Kura

Wairimu, mjukuu wangu,

Hapa mjini Malvern tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Goti langu limepata nafuu. Umeniuliza kama yule kiongozi wa walowezi huko Yerusalemu unakosoma, aliyekuwa akifukuza watu mashambani mwao na sasa ni mbunge, amebadilika.

Nilipokuwa kijana kule kwetu nyumbani, uhuru ukikaribia, mlowezi aliyebomoa nyumba yetu na kutwaa shamba letu alikuja kuomba kura. Kwa mara ya kwanza alimwita baba "mzee".

Baba akamuuliza, "Shamba letu utarudisha?"

"Hayo tutayazungumza bungeni," akajibu akitabasamu.

Baba alimnyima kura, majirani wakamwamini wakampa. Akashinda. Hotuba yake ya kwanza ilikuwa kuomba polisi zaidi wa kulinda mashamba ya walowezi.

Huyo wako simjui, ila bado simwamini.

Ni mimi babu yako.