Pale Salamabila Niliitwa Muzee Kigoma

Kwa mudogo wangu Sefu, wa tumbo moja na miye, pale Kasongo.

Salamu zangu zikufike hata kama hutaki kuzipokea. Uko muzima? Muguu wako unaendelea je na hii mvua? Muke wako, shemeji yangu, anapumua vizuri sasa? Miye niko muzima wa mwili. Ya moyo tutaiona chini.

Miye mwenye kuandika niko na miaka sabini na mbili. Nimepita vita ambazo watu wa rika langu hawakuzipita. Nimezika wake wawili, nimezika wote niliosoma nao Kurani, hata cherehani yangu ya kwanza ilikufa miye ningali hai. Askari walinifunga siku ine Kabambare ili niwashonee nguo bure, na nikatoka na mikono yangu yote miwili. Nakukumbusha hayo usidhani ni mutu muoga anaandika. Hapa kuna mwalimu anaandikia watu barua zao, lakini hii siwezi kumusemea mutu anitazame usoni. Nimeiandika mwenyewe, herufi kubwa-kubwa, siku tatu.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye baraza langu nakata surwali ya muchimbaji. Akafika yule muuza vitenge anayetokaga kwenu. Akasimama, akavua kofia.

"Muzee Ramazani, pole sana."

"Pole ya nini? Mvua?"

"Pole ya yaya yako Zaina, dada yenu mukubwa."

Nikamuuliza Zaina gani. Sefu, nilimuuliza Zaina gani, kama vile tuko na wawili. Akaniambia kusema amezikwa siku kumi na nane zimepita. Kisha akanipa neno lako: ulituma mutu kuniita, mutu akaambiwa nimehamia Kabambare kukimbia shida zenu, basi nisikanyage tena kwako. Na akaniambia, bila kuulizwa, kusema wewe mwenyewe njo ulishuka ndani ya kaburi kumupokea, na ule muguu, na watu wawili walikuvuta kukutoa.

Ile kazi ilikuwa yangu. Dada hapokelewi na mudogo wakati ndugu mwanaume mukubwa iko hai. Naijua hiyo sheria mbele yako.

Sasa sikiliza vile ilikuwa. Ukipenda kuchana barua, chana ukisha kusoma.

Hapa Salamabila kuna nyumba ya mbao na bati, pazia ya kitenge mulangoni. Ndani kuna meza mbili za karata na mashini tatu za kutumbukizia jetoni, vile vipande vyao vya pesa, zenye taa za rangi. Wanaiita kazino. Mwenyewe ni mwanamuke wa Kibangubangu, Mama Anzuruni. Miaka mitatu miye ni mutu wa pale. Ile simu niliyokuambia ilianguka mutoni haikuanguka mutoni. Iliachwa juu ya ile meza.

Lakini hakuna mutu Kasongo alijua, sivyo? Hata wewe mwenye kunusa kila kitu. Kama mutu anataka kujificha, aje nimufundishe. Nilikuwa ninakwenda kisha sala ya adhuhuri, ninarudi mbele ya alasiri. Kofia ya sala ninaikunja mufukoni, ninavaa ile ya wachimbaji. Ninapitia uwanja wa muuza mawese, si njia kubwa. Majirani ninawaambia ninapeleka nguo machimboni. Na jina, sikuwapa letu. Jina la baba yetu haliwezi kuitwa pale. Niliwaambia miye ni mutu wa Kigoma. Unakumbuka niliendaga kule kununua vitambaa, nikakaa mwezi muzima. Basi pale ndani ninasema Kiswahili cha Kigoma, sijui hivi, sitaki vile, mpaka wananiita Muzee Kigoma. Na kwa karata, hakuna kijana wa machimbo alinishinda bila kutoka jasho.

Siku ile, Jumatatu, nilikuwa na karata nzuri. Sitakudanganya, zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka huu. Pazia ikafunguka, akaingia mutu wa moto, wale wanaobeba watu na pikipiki, matope mpaka kiunoni, muwani juu ya kichwa. Akasema, sauti kubwa:

"Nyinyi, namutafuta mushonaji, Ramazani Amuri, wa Kasongo. Baraza lake limefungwa. Nimetumwa na ndugu yake."

Mama Anzuruni akageuka, akaniangalia miye, polepole.

"Muzee Kigoma," akasema, "wewe uko mutu mukubwa. Huyo unamujua?"

Nikafikiri ni wewe, Sefu, umetuma mutu kunipeleleza. Ile barua yako ya mwisho iliniuliza pesa ya mikono yangu inaishia wapi. Nikaona: huyu akinikuta hapa, Ijumaa hii musikiti wote wa Kasongo utajua. Nikakasirika. Nikasema na Kiswahili changu cha Kigoma:

"Simfahamu vizuri. Nasikia alihamia Kabambare."

Mutu wa moto akashika kichwa. "Kabambare? Na hii njia? Muzee, uko na hakika?"

"Nina hakika. Pita kule."

Nikanyoosha mukono kumuonyesha. Hakusema habari ilikuwa nini, na miye sikuuliza. Kama ningeuliza neno moja tu. Akatoka. Nikarudi kwa karata zangu, na nikashinda. Hiyo njo inaniua zaidi. Siku ile nilishinda.

Siku muuza vitenge aliniambia, niliacha surwali ya watu chini, nikaenda pale kwa njia kubwa, na kofia yangu ya sala kichwani. Nikasimama katikati. Nikawaambia miye si wa Kigoma, miye njo Ramazani mushonaji, na yule mutu alikuja kuniita kwa yaya yangu anayekufa. Nilizani watashangaa.

Hakuna aliyeshangaa. Kijana mumoja akatazama magoti yake, akasema, "Muzee, hii surwali ni wewe ulinishonea."

Mama Anzuruni akanipa kiti. "Papa Ramazani, tangu mwezi wako wa kwanza hapa tunakujua. Mutu wa Kigoma gani anasema 'njo' pahali pa 'ndiyo' akikasirika? Tulinyamaza juu ya heshima yako. Siku ile nilikuuliza wewe mwenyewe, ili jibu litoke kwako. Ningefanya nini? Jina ni lako."

Basi miaka mitatu nilikuwa ninajificha kwa watu wanaonijua, na walionisaidia kujificha walinisaidia vizuri sana. Nilikunywa maji aliyonipa, nikatoka. Tangu siku ile sijarudi pale. Usifikiri nimeshindwa. Nimekataa tu.

Sefu, ungeweza kubaki unajua kusema nilikimbia shida zenu. Hiyo ingenifichia kazino mpaka kufa. Nimeona afazali musikiti wote ujue miye ni mucheza karata, kuliko wewe ujue kusema nilimukataa Zaina. Nilimukataa mutu wa moto. Yeye sikumukataa. Najua kwake, juu ya kile kitanda, ilikuwa sawasawa.

Arobaini yake iko karibu. Nitatoka hapa na miguu kama sitapata moto, na nitasimama njiani mbele ya nyumba yako. Ndani sitaingia mpaka uniite. Sitaomba mara mbili, unanijua. Lakini uniambie kitu kimoja: aliniulizia?

Nisalimie shemeji, muke wako. Nisalimie muadhini wetu, umuambie ile kanzu yake iko tayari na nitaileta. Nisalimie wajukuu wa Zaina, usiwasomee hii. Nisalimie yule bibi jirani ambaye, muuza vitenge anasema, Zaina alikufia mikononi mwake, umuambie mukubwa wa familia anamushukuru, kama neno hilo bado liko langu.

Na kama utasema ninatunga, niko na mashahidi. Muuza vitenge aliona uso wangu. Mama Anzuruni hana sababu ya kunipenda wala kunichukia. Lakini muulize kwanza yule mutu wa moto uliyemulipa mwenyewe. Muulize muzee wa Kigoma alimuonyesha njia na kidole gani. Atakuambia ni kidole cha shahada cha mukono wa kuume, chenye kovu la sindano kutoka ukucha mpaka katikati. Kovu hilo unalijua, Sefu. Ulikuwa umekaa chini ya cherehani siku ile, na Zaina alirarua pindo la kitambaa chake akanifunga.

Ni miye kaka yako, wa jina lile lile,
Ramazani Amuri