Sifuri ya Mlinzi wa Chumba cha Iodini

Jumatatu, 4 Machi

Safi tena! Ripoti ya beji za kupimia mionzi imebandikwa ukutani asubuhi, na mbele ya jina langu — sifuri. Sifuri ya mviringo, nzuri kama sahani mpya. Profesa mwenyewe amepata kidogo. Mpwa wangu amepata kidogo. Mimi, ninayeshinda ndani ya chumba cha majaribio kutwa nzima kama paka jikoni — hakuna kitu! Nimezaliwa na bahati, niseme nini tena. Nimefanya kazi melini, nimefanya kazi mgodini, na kote huko wenzangu wakiumia mimi natoka nywele zimechanwa. Mionzi ikiniona inapisha njia.

Nimemwambia Bwana Usalama sifuri yangu iwekwe kwenye fremu. Huyu tunamwita Mbu, kwa sababu ya kipimo chake cha mionzi kinacholia masikioni mwa watu. Akajibu kwamba iodini ikiingia mwilini hukimbilia kooni, kwa hiyo nilitunze koo badala ya kulitumia kujisifu. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi

Niandike kidogo kazi ya mpwa wangu, maana akishakuwa daktari wa chuo kikuu hatapokea simu zangu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi na mke wangu, na ada ya shule tulihangaika nayo hadi mwisho. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Yeye hakuachana nayo.

Kazi yenyewe hii. Taka za nyuklia wanataka kuzizika chini sana, ndani ya mwamba wa udongo. Swali lake: udongo utazishika, au utaziachia zitambae hadi kwenye maji wanayokunywa watu? Basi amekata kipande cha mwamba, unene wa biskuti, akakibana kati ya vyuma viwili. Upande huu maji yenye iodini ya mionzi, upande ule maji safi. Halafu tunangoja. Miezi! Mimi naangalia pampu isizime, joto lisipande zaidi, na nafukuza wanafunzi wanaoingia na chai.

Chumba kina joto la tanuri. Koti jeupe, na beji yake, nalitundika kwenye kabati la korido. Nabaki na shati. Shati kama langu kulifunika ni dhambi.

Leo mpwa kaja, uso umekunjamana. "Mjomba, kuna iodini imepotea."

Anasema aliyoweka ni nyingi kuliko anayoiona kwenye maji ya pande zote mbili. Nikamwambia si imebaki kwenye udongo, itakwenda wapi? Akatikisa kichwa. Iodini na udongo hawaivi chungu kimoja, anasema, kwa kawaida hupita tu bila hata kusalimia. Kama kweli udongo umeishika, hiyo ni habari kubwa. Na kipande hawezi kukikata akipime sasa, jaribio litakufa na miezi yote itakuwa kazi bure.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao. Nimeitwa na mimi! Nikakaa karibu na sahani ya biskuti.

Profesa kasema mambo ni mawili tu. Ama udongo umeshika iodini, ama imegeuka mvuke ikapenya kwenye mpira wa kuzibia na kuingia chumbani. Kipima hewa cha chumba kimekufa, kinasubiri kipuri tangu zamani. Ndipo Mbu akakohoa, akasema: jamani, beji zetu zina mkaa ndani, mkaa hunyonya iodini hewani. Kidogo cha wengine ni cha kushika chupa za iodini. Lakini anayeshinda mle ndani ni nani?

Wote wakanigeukia.

"Sifuri," Mbu akasema.

Profesa akapiga meza. Basi haikutoka! Udongo umeshika! Mpwa wangu kafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nami nikainuka nikainama kidogo, kama mwanasiasa.

Wakati wa kutoka nilipita kwenye kabati la korido. Koti lipo. Beji ipo. Nikafunga mlango wa kabati polepole, sijui kwa nini polepole.

Jumapili, 10 Machi

Mpwa kaja kula kwetu. Furaha imemjaa hadi anaongea na kijiko mdomoni. Sura nzima ya tasnifu, anamwambia mke wangu, sura nzima imesimama juu ya beji ya mjomba!

Mke wangu akauliza swali la mtu anayeosha vyombo: je, wakiuamini udongo, wakazika vitu vyao, kumbe haushiki?

"Ndiyo maana tunapima, mama. Ili tusidanganye watu ambao hata hawajazaliwa."

Alisema hivyo huku anajiongezea mchuzi. Kwa wepesi tu.

Mke wangu akanitazama. "Na wewe mbona huli?"

Nikasema najibania nafasi ya suti ya mahafali. Wakacheka. Sahani nikairudisha nusu.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimevaa koti. Na beji, kifuani, kama ng'ombe wa mnadani. Joto — Mungu wangu! Jasho hadi kwenye soksi.

Mpwa kapita dirishani: "Heee! Leo na mjomba kawa daktari?"

Nikamwambia nafanya mazoezi, siku yako ikifika nisikuaibishe. Akanipigia saluti.

Nilitaka kumwita arudi. Pampu ikaanza kukoroma, nikaishughulikia pampu. Haikuwa na tatizo kubwa.

Jumatano, 13 Machi

Maprofesa wa nje watakaosoma tasnifu wameuliza: zaidi ya beji, kuna ushahidi gani? Kwa hiyo Mbu atanipima koo. Kesho. Anasema ni utaratibu tu, mtu wa sifuri hamalizi hata chai yake, kazi itakuwa imekwisha.

Mpwa anataka kuwepo. "Nije nikutilie bahati, mjomba?"

"Bahati ninayo ya kuuza," nikamwambia.

Ulimi huu.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika chooni, ghorofa ya kwanza. Daftari juu ya goti.

Mbu alinikalisha kwenye kigoda. Kwanza kipimo pajani, kwa ajili ya kulinganisha. Tik… tik. Kama saa mbovu. Nikamtania kwamba paja langu lina nidhamu. Mpwa akacheka, kalamu tayari mkononi.

Halafu kooni.

Kilianza kulia mfululizo. Mbu akakitoa, akabadilisha betri, akakirudisha. Kikalia vilevile. Akanifuta shingo kwa kitambaa, labda ni vumbi la nje. Kikalia vilevile. Sijawahi kumwona Mbu bila mzaha. "Ya kufa siyo," akasema, "lakini sifuri siyo pia."

Mpwa wangu kaweka kalamu chini. Nilijua ataulizia sura yake. Ni haki yake. Akashika bega langu, akasema: "Mjomba, unajisikiaje? Unameza vizuri?"

Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

Mbu akauliza, taratibu: hii beji, ulikuwa unaivaa?

Nikasema nimebanwa, narudi sasa hivi.

Sasa mpwa yuko nje ya mlango. Nasikia viatu vyake. Anagonga kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa anagonga chumba chetu akiwa mdogo, akiota ndoto mbaya. "Mjomba? Uko sawa? Nimekuletea maji."

Nitafungua. Naandika kwanza, nione kama mkono utakubali, maana mdomo haujazoea.

Bahati sina. Sijawahi kuwa nayo. Beji haikupata kitu kwa sababu sikuivaa. Miezi yote ilikuwa kabatini, inapima koti.